Fundo Jekundu la Sikudhani

Mtahini alipaa kimya pembeni ya mnara: dude la ukubwa wa mtungi, macho matatu, sauti ya upole kama ya nesi wa kliniki ya watoto.

"Swali la nne. Sahani ya mashariki imepoteza mawimbi. Tafuta kosa, ulirekebishe. Dakika arobaini."

Sikudhani Kapaya alikaza mkanda, akapanda mita sitini juu ya ardhi ya Tabora. Kwamba ni Tabora aliambiwa tu. Watahiniwa waliletwa na gari lisilo na dirisha, na minara ya mtihani ilizungushiwa turubai jeupe toka chini hadi juu, eti kuzuia udanganyifu.

Hii ilikuwa mara yake ya tano. Sheria ya Mawimbi ilikuwa fupi: asiye na Cheti cha Awali asiguse mtambo, hata kwa bisibisi. Kwamba alikuwa akifufua redio tangu ana miaka kumi na moja, kwamba mtaa mzima wa Ng'ambo ulikuwa ukimwita yeye, hayo Mamlaka ya mawimbi haikuyauliza. Mawimbi ya siku hizi ni membamba kama unywele; sahani mbili zisipotazamana sawasawa, robo ya jiji inakuwa bubu. Roboti za kupanda zilijaribiwa, nyuki wakajenga masega ndani ya viungo vyake, zikafa. Ikabaki mikono ya watu.

"Dada Siku!" Kulwa alipaza sauti kutoka mnara wa pili, ndani ya turubai lilelile. "Mara ya tisa hii! Wakinifelisha tena nadai pensheni!"

"Panda, wewe! Utaniangusha kwa kicheko."

"Mazungumzo yanapunguza alama," alisema Mtahini.

Sikudhani alifungua sanduku la nyaya za sahani zote za mnara. Mafundi waliojifunza wenyewe wana desturi isiyomo katika kitabu chochote cha Mamlaka: ukimaliza kazi, unafunga fundo la waya ndani, ili ajaye ajue ni mkono wa nani umepita. Humo ndani palikuwa na fundo jekundu la mizunguko mitatu.

Lake.

Mwaka jana alipata alama sitini na nane, zikitakiwa sabini. Kosa: kiungo kibovu. Na kiungo chenyewe hiki hapa, kinang'aa, na kando yake saa ya sanduku: siku mia tatu arobaini na moja bila kukatika.

Alisogeza nyaya. Fundo la kijani, la Kulwa. La bluu, hakulijua. Kisha la njano, lililosukwa kama nywele. Nyamizi. Nyamizi aliyeanguka mnarani akafa mwaka juzi, akiwa kwenye mtihani, na barua ikaenda kwa mama yake: mtahiniwa alijiondoa kabla ya muda. Hakuwa mfanyakazi, kwa hiyo hapakuwa na fidia. Sikudhani alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Kumbe kazi alikuwa ameimaliza. Alikuwa amefunga na fundo.

"Mtahini, kiungo hiki ulisema kibovu. Mbona hamkukiondoa?"

"Swali hilo halimo kwenye mtihani."

"Na Nyamizi? Yeye yumo?"

Badala ya Mtahini ikaja, kupitia dude lilelile, sauti ya mtu, Bwana Mtelela, msimamizi wa mitihani, kutoka ofisini kwake.

"Bi Sikudhani, tulia. Rekebisha sahani, ushuke. Cheti chako kiko hapa mezani, jina limeandikwa vizuri kabisa."

"Na wenzangu?"

"Watarudi mwakani. Jiji lazima liongee, bibi."

Sikudhani aligeuka, akaita kwa nguvu zote. "Kulwa! Fundo lako limo humu! Hakuna mtihani, tunawafanyia kazi bure!"

"Dada, usinipigie kelele," Kulwa alijibu bila kugeuka. "Safari iliyopita nilikosa alama moja tu. Moja!"

Sikudhani alifuata nyaya kwa kidole. Hospitali na nyumba za watu zilipita sahani ya kusini, hiyo hakuigusa. Kiungo chake kilibeba mawimbi ya Mamlaka yenyewe: amri zake, majalada yake, akili ya watahini wake wote. Alifungua fundo jekundu, akalitia mfukoni. Akashika kiungo.

"Bi Sikudhani, fikiria cheti—"

Akakichomoa.

Macho matatu yalizimika kwa pamoja. Mtahini aliporomoka kama jiwe, na mlio wake ulichelewa kufika juu. Kwenye mnara wa pili mtahini wa Kulwa naye akaanguka. Palibaki upepo tu, ukilipiga turubai.

"Dada, umefanya nini?" Sauti ya Kulwa ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Sasa nani atanipa alama?"

Kulwa alingoja, bisibisi imeinuliwa, akitazama mahali patupu hewani alipokuwa mtahini wake. Kisha akarudi kwenye sanduku lake, akaendelea kukaza skrubu moja baada ya nyingine, akitaja kila hatua kwa sauti kubwa, kama wanavyofundishwa watahiniwa.