Vidole Kwenye Filamu

Filamu haikuwa imepigwa picha yoyote, lakini ilipotoka kwenye dawa ya kusafishia ilikuwa na vidole vya mifupa, virefu kuliko vya mtu.

Mpiga eksirei aliitupa pipani. Mimba yake ilikuwa mwezi wa tano, miguu imevimba, na upuuzi hakuwa na nafasi nao. Si bure hospitali nzima ilimwita Bi Chuma.

Wifi yake, msafishaji wa chumba hicho, ndiye aliyeanza kunusa waya unaoungua hata mashine ikiwa imezimwa, na kusikia kitu kikikwaruza ndani ya bomba la kioo la mashine, linalotoa mionzi. Akamsihi achukue likizo, amwonee huruma mtoto. Bi Chuma alimweleza kama anayemfundisha mbuzi kusoma. Waya wa ndani ya bomba ukipata moto hutoa elektroni. Umeme mkali huzivuta zikajibamiza kwenye atomi za tungsteni, metali ngumu iliyo upande wa pili. Karibu nguvu yote huishia kuwa joto. Kile kidogo kinachobaki ndiyo mionzi.

"Bila umeme hakuna kinachogonga, wifi. Ukizima, hakuna kitu."

"Na kinachokwaruza?" wifi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Panya. Naye ana akili kukushinda."

Wifi alikwenda kumleta mganga, mzee wa kanzu iliyopauka, ambaye kwanza aliuliza kama mashine inauma.

Bi Chuma aliona hapo ndipo pa kuwaumbua wote wawili. Akachomoa plagi, akaishika mkononi, akaketi nyuma ya ukuta wa madini ya risasi yanayozuia mionzi, na kaseti, kisanduku bapa chenye filamu mpya, tumboni, chini ya aproni yake ya risasi. Ikitoka haina alama, alisema, wafunge midomo yao daima.

Mganga alifukiza, akanong'ona, akapiga chafya.

"Jini limetoka, mama. Limeomba radhi kabisa."

"Lina adabu kuliko aliyekuleta," alisema Bi Chuma, akaingia na wifi yake chumba cha giza cha kusafishia filamu, chenye taa nyekundu hafifu, plagi bado mkononi, waya ukiburuzika nyuma yake.

Picha ilipanda taratibu ndani ya dawa, uti wa mgongo wake mwenyewe kwanza, maana mionzi ilikuwa imempitia kutoka mgongoni, ambako hakukuwa na mashine ila ukuta mtupu, kisha vijifupa vya mtoto aliyejikunja, na kuvizunguka vijifupa hivyo, vimeshikana kama vya mtu anayepasha mikono moto kwenye kikombe, vile vidole virefu, na harufu ya waya unaoungua ikajaa chumba, na kukwaruza kukaanza tena, si kwenye bomba safari hii, bali karibu, chini ya aproni.

"Wifi," alinong'ona Bi Chuma. Hakuwahi kumwita kwa sauti ile.

Kukwaruza kukakoma. Kutoka tumboni mwake ikaja sauti ya mwanamke aliyechoka na watu wajinga, sauti yake mwenyewe:

"Ukizima, hakuna kitu."