Ukurasa wa Tatu Uliopotea

Ya kale hayanuki, husema watu wazima. Basi hao hawajawahi kufungua gunia la magazeti ya zamani! Ya kale hunuka. Hunuka vumbi, hunuka mkojo wa panya, na kila jioni ya likizo ile Kaltumi alirudi nyumbani Kibuli na harufu hiyo imemganda mpaka kwenye mtandio.

Kila asubuhi alifuatana na shangazi yake, Munirah, hadi mtaa wa Wandegeya, kwenye chumba kidogo juu ya maduka ya kuchapa. Humo Shangazi alipiga picha magazeti yaliyokuwa yakioza, ukurasa baada ya ukurasa, na kuzihifadhi kwenye kompyuta ili nchi isisahau ilikotoka. Gunia la wiki ile lilikuwa la gazeti la Kiswahili lililokufa zamani, Tarumbeta. Shangazi alilinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akiyachana magazeti yale na kuwafungia wateja karanga. Hakuna aliyejua kama kuna nakala nyingine popote.

Kaltumi alifunua kurasa kwa mikono mikavu. Monique, dada Mkongomani aliyefanya kazi na Shangazi, alibonyeza kamera.

"Weye, funua! Unalala?" Monique alimtania, kisha akashuka kufuata chai.

Kaltumi hakulala. Alikuwa ameduwaa. Ukurasa wa tatu uliandikwa kwa herufi nene: DEREVA ATOROKA, AACHA ABIRIA MAJINI. Chini yake palikuwa na picha ya kijana mwenye pua pana na kofia iliyoinama upande. Maelezo ya picha yalisema: Dereva Kamis. Babu yake!

Kila Idi, baada ya pilau, Ami Yasiin husimulia jinsi baba yake, marehemu Kamis, alivyowaokoa abiria basi lake liliponaswa na mafuriko kwenye barabara ya Gulu. Je, gazeti zima linaweza kusema uongo? Na Ami Yasiin, mtu wa sala tano, anaweza? Mmoja wao lazima awe mwongo. Lakini nani? Kabla hajapata jibu, mikono yake ilikwisha kuichomoa karatasi ile na kuitia ndani ya atlasi yake ya shule.

Alasiri Shangazi alihakiki kazi.

"Monique, ukurasa wa tatu uko wapi?"

"Sijui, madamu. Labda upepo."

"Upepo gani, na madirisha yamefungwa? Mimi nakuamini, wewe unanipotezea historia!"

Monique aliinamisha uso. Kaltumi aliikumbatia atlasi yake kifuani.

Nyumbani alimkuta bibi yake, Zuleika, ambaye wao, kwa desturi ya Wanubi, humwita Habuba, akisuka kawa ya kufunikia chakula. Kaltumi alifungua atlasi. Ukingo wa chini wa karatasi ukavunjika kama chapati kavu. Nyuma yake palikuwa na picha ya timu ya mpira. Sasa wachezaji wote hawakuwa na miguu.

"Habuba, nani mwongo?" aliuliza akilia.

Habuba alivaa miwani, akasoma polepole. "Lo! Alikuwa kijana mzuri, huyu."

"Alitoroka?"

"Alitoroka."

"Ami anasema aliwaokoa!"

"Aliwaokoa pia."

"Sielewi!"

"Hutaelewa ukitaka awe mtu wa siku moja. Maji yalipopanda alikimbia kwa woga, mwenyewe aliniambia. Mwandishi aliandika usiku ule ule akaenda zake. Lakini Kamis alipofika kilimani alisikia watoto wakilia ndani ya basi, miguu ikakataa kwenda mbele. Akaamsha kijiji, akarudi alfajiri na watu na kamba. Hakufa hata abiria mmoja. Gazeti lilimkuta akienda, sisi tulimpokea akirudi."

Kesho yake Kaltumi aliiweka karatasi mezani, akasema yote na kuomba radhi.

Monique alishika kiuno. "Kumbe upepo wenyewe unavaa mtandio!"

Shangazi hakucheka. Kwanza alimwomba Monique msamaha. Kisha alipanga vipande kwa kibano, akapiga picha. Miguu ya timu haikupatikana yote. Jioni aliirekodi sauti ya Habuba kwa simu ili ihifadhiwe kando ya ukurasa ule.

Ami Yasiin alipopata habari kwamba ukurasa ule umehifadhiwa, aliingia uani akifoka. "Kaltumi! Umemvua babu yako nguo mbele ya dunia! Niombe radhi!"

"Kaa chini, Yasiin," alisema Habuba. "Linalonuka ni lile lililofunikwa. Kamis asingerudi kama asingekimbia kwanza. Ukiufuta woga wake, umeufuta na ujasiri wake. Nchi nayo ni hivyo hivyo: tukihifadhi kurasa tamu tu, wajukuu watarithi nusu ya nchi. Na mtoto akificha ukweli, mwingine asiye na kosa hubeba lawama. Hilo Kaltumi amejifunza."

"Nimesikia, Mama. Lakini huyu mtoto aombe radhi."

Kaltumi alipiga magoti mbele ya ami yake, kama afanyavyo kila akiwasalimia wakubwa.

"Kwa kuuficha ukurasa, Ami, nimeshawaomba radhi Shangazi na Monique," alisema. "Kwa kuurudisha, siombi."