Hori la Shamsa

Shayiri ilikuwa imeliwa. Haikumwagika, haikupeperuka. Imeliwa, na hori limelambwa mpaka mbao zinang'aa kama sinia la pilau lililopita mikononi mwa watoto wa chuoni.

Bi Mauza alisimama na kikapu chake kiunoni, akalitazama. Banda lile halikuwa na farasi. Shamsa, farasi jike wa rangi ya asali aliyekuwa akilala humo, alikufa siku kumi na mbili nyuma, povu likimtoka puani, kwa ule ugonjwa unaokuja na masika. Makuli wanane walimtoa kwa mkokoteni wakaenda kumfukia nje ya mji. Sasa nani anakula?

"Mbuzi wa Clotilda," akajijibu, akaenda ukutani kutafuta ugomvi.

Clotilda, mke wa Kasmir mwenye duka la jumla la maharage Kariakoo, Mchaga wa Kibosho, alikuwa upande wa pili wa ukuta anamenya ndizi.

"Shoga, mfunge mbuzi wako!"

"Bi Mauza, mbuzi wangu kafungwa tangu alfajiri. Njoo umuone. Ana adabu kuliko saisi wako, maana yeye anapoitwa huitika."

Bi Mauza alichungulia. Mbuzi alikuwa pale pale, kafungwa, kajikunyata pembeni kabisa ya ua, mbali na ukuta wa mabanda, na kamba kaivuta mpaka shingo imekaza. Wala hakuwa anakula maganda aliyowekewa. Lakini mtu akishatafuta ugomvi akaukosa, haangalii mbuzi. Akarudi zake.

Uwanja ule wa farasi ulikuwa Mchafukoge, nyuma ya nyumba ya mawe ya marehemu Nasor bin Ghanim, mabanda sita yamepangwa ukutani. Miaka hiyo ya Mwingereza, kabla ya vita vya Hitler, Wazungu waliokwenda kwao likizo waliwaacha farasi wao hapo walishwe na kunyooshwa miguu, na wenye majike waliwaleta kupandishwa. Nasor alipofariki uwanja ukabaki kwa mkewe, Mauza. Mwana wao wa pekee, Hashil, alikwenda Maskati kwa miezi mitatu kutazama shamba la baba yake mkubwa, na miezi mitatu hiyo ilikuwa na miaka minne. Wambea walisema kaoa huko. Na wambea wa Mchafukoge, ukweli usemwe, hukosea mara chache.

Kwa hiyo waliobaki ni Bi Mauza mwenyewe, saisi mzee Mbaruku, mtunza farasi aliyekuwa kiziwi wa sikio moja, farasi wawili wa Wazungu, na Nujuma, binti wa Shamsa, mimba yake ya mwezi wa kumi na moja. Ndani ya tumbo la Nujuma ndimo ilimobaki damu yote ya farasi wa Nasor. Mtoto huyo akitoka mzima, uwanja una kesho. Asipotoka, fungeni milango.

Katika ukoo wa Nasor palikuwa na mila moja. Farasi akifa, mwenye kumlisha hukata kamba yake kabla jua halijatua, na hori lake hupinduliwa kifudifudi siku arobaini. Chakula kisicho na mlaji ni mwaliko, walisema wazee, na hujui barua hiyo itasomwa na nani.

"Bibi, umekata?" Mbaruku aliuliza siku ile.

"Nimekata," alisema Bi Mauza. Uongo mkavu. Kamba ilikuwa bado kwenye boriti ya banda, na unywele mmoja wa asali umenasa kwenye fundo.

Angekataje? Kila siku saa saba mchana, jua likiwa utosini, maduka yamefungwa na mji mzima umelala usingizi wa baada ya wali, Bi Mauza alizoea kumtilia Shamsa shayiri na tende tatu, akakaa kwenye kigoda akiegemeza mgongo mlangoni pa banda, akampa habari. Nani kaachwa, nani karudishiwa posa, nani kavaa kanga ya kuazima harusini. Shamsa alijua siri za mji mzima na hakuwahi kumwambia mtu. Nyuma yake Bi Mauza alisikia kutafuna, taratibu, kru, kru, kru, na kutafuna huko ndiko kulikokuwa mazungumzo yake ya siku. Shamsa alipokufa, mkono wake uliendelea kutia shayiri wenyewe.

Siku ya kumi na tatu alitia tena, akakaa, akaegemea, akaanza: "Basi yule binti wa Mtaa wa Pili..."

Kru. Kru. Kru.

Akakatiza habari. Aliponyamaza, na kutafuna kukanyamaza. Aliposema neno, kukaendelea. Angegeuka angeona, lakini hakugeuka, na tusimseme sana kwa hilo, maana kilichompata mwanzo hakikuwa hofu. Ilikuwa furaha. Machozi yalimtoka, akamalizia habari ya binti wa Mtaa wa Pili mpaka mwisho, na nyingine ya kuongezea.

Ikawa hivyo kila siku. Harufu nayo ikaja, ya tende zilizochacha na ngozi mbichi. Bi Mauza alifukiza udi, harufu ikakaa chini ya udi kama mtu chini ya shuka.

Wale farasi wa Wazungu wakaanza kukataa kula. Saa saba ikifika walibana ukutani, masikio yamelala, jasho linawachuruzika. Mzungu mmoja aliyerudi likizo akamkuta farasi wake mbavu nje, akamchukua bila kuaga. Wa pili naye akatumwa mtu kumfuata. Uwanja ukabaki na Nujuma peke yake.

Kisha asubuhi moja Mbaruku alikuja uso umempauka.

"Bibi. Nani kamsuka Nujuma?"

"Kamsuka nini?"

"Njoo."

Manyoya ya shingo ya Nujuma yalikuwa yamesukwa mafungu saba, membamba, sawasawa, kama nywele za biharusi siku ya kutolewa nje. Mbaruku aligusa moja akauondoa mkono kama aliyeungua.

"Mimi vidole vyangu haviwezi hivi," alinong'ona. "Na wewe, Bibi, usiniambie ni wewe."

"Ni mimi," alisema Bi Mauza haraka. Uongo wa pili.

Mchana huo alipokaa kwenye kigoda hakuwa na habari ya mji. Alisema tu, kwa kujichokea, "Hashil hajaandika mwezi huu pia."

"Hataandika," ilijibu sauti nyuma yake.

Haikuwa ya mwanamume wala ya mnyama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, Mauza, na ule mkwaruzo wake wa kooni, ila tamu zaidi, kama ya mtu aliyeshiba.

"Hataandika, Mauza. Lakini mimi nipo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, sivyo mnavyosema? Mimi nina siku thelathini na hukunipa jembe. Nimejichagulia kazi. Mtoto wa Nujuma nitamlea mimi, na mama yake sitakuwa na haja naye tena."

Bi Mauza alitaka kuinuka asiweze, na jua likawa limesimama pale pale utosini kama lililopigwa msumari, na barabara yote kimya, hakuna muuza maji, hakuna kuku, hakuna hata nzi, na nyuma ya shingo yake, pale mtandio ulipoteleza, alihisi pumzi ya moto yenye tende ndani yake ikishuka, ikipanda, ikishuka, ikifuatana na pumzi yake mwenyewe hatua kwa hatua, mpaka hakujua tena ni nani anayevuta na ni nani anayetoa.

Ndipo adhana ya adhuhuri iliyochelewa ikasikika kutoka msikiti wa mbali, naye akainuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Mbaruku, akakaa chini mchangani mbele yake.

"Sikukata," alisema.

Mbaruku aligeuza sikio lake zima. "Nini?"

"Kamba. Sikukata. Na nimekuwa nikitia shayiri."

Mzee yule hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alichukua kofia yake tu, akaenda Kariakoo kumwita Mwalimu Sadalla.

Mwalimu Sadalla alikuwa mfupi, mwenye kikohozi, na alipenda halua kuliko inavyompasa mtu wa dua. Alifika alasiri na chetezo chake. Alipoingia uwanjani, Nujuma alikuwa ameanza uchungu. Amelala ubavu, anahema, macho meupe yamegeukia lile banda tupu.

"Shikamoo, Mwalimu," Bi Mauza alisema, ijapokuwa walilingana umri. Hofu humfanya mtu kuwa mtoto.

"Marahaba, mama." Alinusa mlango wa banda, akarudi hatua mbili. "Huyu hakuvunja mlango. Kaalikwa. Nami siwezi kumfukuza mgeni wa mtu. Mimi nitasoma, wa kumtoa ni wewe. Kata kamba, pindua hori, mwambie posho imekwisha. Kisha siku arobaini usimpe chakula wala neno."

"Neno?"

"Shayiri alikuwa akila kwa adabu tu, mama. Anachoshiba ni maneno yako."

Akatia ubani kwenye makaa, akaanza kusoma. Mbaruku alipiga magoti kwa Nujuma. Bi Mauza akaingia na kisu cha jikoni.

Ndani mlikuwa na baridi. Aliishika kamba, nayo ilikuwa na joto la shingo. Alipoweka kisu akasikia nje ya mlango Nasor akikohoa kile kikohozi chake cha kahawa ya kwanza, miaka sita baada ya kuzikwa, na hakugeuka; akakata uzi mmoja, na chini karibu na kiwiko chake mtoto akasema kwa midomo isiyo na meno ya mbele, "Mama, usikate, n'takaa na nani?", ndiye Hashil, Hashil wa miaka sita na harufu ya ukwaju mikononi, na hakugeuka, akakata, machozi yanadondokea kisu, Mwalimu anasoma kwa sauti ya juu huku anakohoa, Nujuma anapiga kelele ambayo farasi hapigi, na nyuzi zikakatika mbili, tatu, mpaka ukabaki mmoja, ndipo ile sauti yake mwenyewe ikamjia sikioni bila hasira, kwa huruma kabisa:

"Na wewe, Mauza? Wewe utakaa na nani?"

Akakata.

Akalipindua hori kwa nguvu zilizomshangaza. "Posho imekwisha," alisema. "Nenda."

Upepo ulipita ukatoka, ukachukua harufu yote. Na Mbaruku, kule, akaanza kucheka kama kichaa. "Jike, Bibi! Jike! Rangi ya asali! Mama na mwana wazima!"

Mtoto alisimama kabla ya magharibi, miguu kama mianzi minne isiyojuana, akanyonya. Shingo yake haikuwa na msuko.

Lakini Bi Mauza hakulala kwa kuwalinda. Mwezi ulipokaribia kwisha alikata shauri: hapa hapamfai mtoto. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa na shamba Bagamoyo. Lori likatafutwa, likatandikwa majani, Nujuma na mwanawe wakapandishwa, na Mbaruku pamoja nao.

"Bibi, twende sote," alisema Mbaruku kutoka juu ya lori.

"Na Hashil akija akute mlango umefungwa?"

Mbaruku aliinamia Nujuma, akaifunga upya kamba yake. Sikio lake zima lilikuwa upande wa Bi Mauza, kwa hiyo hakuwa na la kusingizia. Lori likaondoka.

Mabanda sita, yote matupu. Clotilda naye alikuwa amekwenda Kibosho kumuuguza mama yake. Bi Mauza alifagia asubuhi palipofagiliwa jana. Alipika wali wa mtu mmoja, na wali wa mtu mmoja, aliyewahi kuupika anajua, hauivi vizuri. Saa saba alijifungia chumbani na kuuma mtandio ili asiseme neno. Siku ya thelathini na tatu. Ya thelathini na sita. Aligundua kwamba sauti yake ilikuwa imeanza kumtoka ikiwa na kutu, hata katika sala.

Siku ya thelathini na tisa akasikia nyenje wakilia. Ni kimya tu kilichokuwa kinalia masikioni. Siku moja tu, Mauza, alijiambia. Siku moja tu na umemaliza.

Kisha akafikiri: na siku ya arobaini na moja?

Jua lilikuwa utosini. Alibeba kigoda akavuka uwanja. Akaliinua hori, akaliweka wima. Hakuwa na shayiri; tende zilikuwepo. Akaweka moja, ya pili, ya tatu. Akakaa, akaegemeza mgongo mlangoni.

"Mtoto hayupo," alisema. "Nipo mimi."

Kokwa moja ya tende ikadondoka kwenye mbao, tik.

Hakugeuka. Alianza kusimulia, mwanzo kwa tabu, kisha yakamwagika yote: lori, Mbaruku, wali wa mtu mmoja. Na alipokuwa anasema alihisi mtandio ukivuliwa kwa upole, na nywele zake nyeupe, ambazo hakuna mkono wa mtu uliozigusa tangu Nasor, zikigawanywa mafungu; moja, mbili, tatu, kwa vidole vyembamba visivyo na haraka. Alifumba macho. Nne. Tano. Sita.

Hapo ukutani kukasikika kishindo cha mzigo, na sauti ya Clotilda, yenye safari ndani yake: "Hodi, shoga! Nimerudi! Nimekuletea ndizi za Kibosho! Mbona nasikia mazungumzo, una mgeni?"

Bi Mauza alifungua kinywa amjibu. Lakini sauti yake ilikuwa imekwisha jibu, tamu, imeshiba, kutoka nyuma ya shingo yake:

"Hapana, shoga. Hakuna mgeni hapa."