Kitanda cha Kukhu Namarome

Mvua ya Bungoma ndiyo iliyomchelewesha Linah. Alipofika kwenye geti la nyumba ya wazee, mbele ya Kibabii, mahindi ya pande zote mbili za barabara yalikuwa yameanza kuwa meusi, na mwenye pikipiki hakutaka hata kuzima injini.

"Ningojee kidogo tu," Linah alimwomba. "Naangalia, natoka."

"Haya mama, lakini fanya haraka. Huku si pa kukaa, bana."

Alikuwa ametoka Kitale, mtaa wa Kibomet, kuja kuona kama mahali hapa panafaa. Kukhu Namarome, nyanya ya mume wake, alikuwa amepooza upande mmoja tangu msimu wa kupanda. Kumgeuza kitandani kulitaka mikono ya watu wawili, na Sifuna, mume wake Linah, alikuwa safarini na lori siku nyingi kuliko alizokuwa nyumbani. Wilkista, dada ya Sifuna, ndiye aliyeipata nyumba hii. Ati ni safi. Ati wana nafasi.

"Wewe ndiye unamshika kila siku," Wilkista alikuwa amemwambia kwa simu. "Enda uone. Ukisema ni pazuri, Jumamosi tunamleta. Ukisema ni pabaya, basi, tutajua la kufanya."

Neno hilo lilimlemea Linah. Siku aliyotoka hospitalini na mtoto mchanga, Kukhu, kabla hajapooza, ndiye aliyemkalisha kwenye kiti, akaleta beseni la maji ya moto, akamwosha miguu. Hakuna mtu aliyewahi kumwosha Linah miguu tangu mama yake afe. Mtu wa namna hiyo humpeleki mahali bila kupatazama kwa macho yako.

Mgongoni, mtoto alikuwa analia.

Alilia kila jioni tangu azaliwe. Hospitalini aliandikwa Joy, lakini Kukhu alisema hilo si jina la kumnyamazisha. Kwao Wabukusu, mtoto akilia bila kukoma, wakubwa humpa titi huku wakimwitia majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine. Jina ambalo atanyamaza nalo na kunyonya ndilo lake. Yule marehemu amepata wa kumkumbuka, basi anapumzika. Lakini jina la mtu aliye hai haliitwi, hata kwa mzaha. Ni kama kumchimbia kaburi huku anakutazama. Sifuna, ambaye ameokoka, hakutaka kusikia habari hizo. Kwa hivyo Joy aliendelea kulia.

Mlinzi aliyefungua geti alikuwa mzee mwembamba. Alisema anaitwa Mukhwana. Alimtazama mtoto kuliko alivyomtazama mama.

"Analia nini huyu?"

"Ni kawaida yake, baba."

"Ako na jina?"

"Joy."

Mzee alitikisa kichwa polepole, akalifunga geti nyuma yake.

Klak.

Mlangoni alipokewa na mwanamke aliyevaa buibui ya kazi, rangi ya samawati. Huyo alikuwa Zulekha, mtunzaji. "Karibu mamangu. Tulikuwa tunakungoja. Umelowa, maskini." Akamvua Linah shali iliyolowa, akaikung'uta, akaitandaza karibu na jiko bila kuambiwa. Linah akamshukuru moyoni. Watu wengi humwona mtoto tu. Huyu alikuwa ameiona shali.

Chumba kilikuwa kirefu, vitanda safu mbili, vikongwe wamelazwa wakiegemea mito. Linah hakusomea uuguzi. Alijua tu namna ya kuangalia kama mtoto anatunzwa: mikunjo ya shingo, nyuma ya masikio, katikati ya vidole. Akaanza na kitanda cha karibu na mlango.

"Huyu ni mama Khakasa," alisema Zulekha. "Mwangalie upendavyo."

Linah akainua blanketi. Visigino vya mama Khakasa vilikuwa laini, vimepakwa mafuta. Kucha zimekatwa. Shingo kavu, ina poda. Nywele nyeupe zimechanwa zikalala. Hakuna kidonda hata kimoja. Hakuna harufu ya mkojo. Macho ya Linah yalilengwa na machozi, kwa sababu hata hospitalini hakuwa ameona mtu akishikwa hivi.

Ila miguu ile ilikuwa ya baridi.

Baridi sana.

Na chini ya harufu ya sabuni na mafuta kulikuwa na harufu nyingine... Udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa leo.

Zulekha alikuwa amekaa kando ya kitanda cha pili, anamnywesha bibi mwingine uji. "Polepole, mama. Hakuna haraka." Uji uliingia kwenye midomo, ukajaa, ukamwagikia kidevuni. Akaupangusa kwa pindo la leso. Akatia kijiko kingine. Ukamwagika. Akapangusa. Kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Nzi akatua juu ya jicho la yule bibi.

Jicho halikupepesa.

Zulekha akampungia bibi nzi yule kwa upole, kama mtu anayefukuza nzi usoni pa mtoto wake.

"Dada..." Linah alinong'ona. "Huyu... anapumua?"

Zulekha alimvuta bibi blanketi hadi mabegani.

"Anatunzwa," akajibu.

Joy akapiga kelele mpya, kali. Na vichwa vyote vya chumba kile vikageuka. Vyote pamoja. Shingo zililia kama mabua makavu yakivunjwa.

Linah alirudi kinyumenyume hadi akagusa mlango. Akatoka mbio.

Nje hakukuwa na mlio wa injini. Mzee Mukhwana alikuwa amekaa kwenye jiwe mbele ya geti, mikono magotini.

"Fungua, baba. Naomba. Mwenye pikipiki ananingoja."

"Si naona. Halafu huyo mtoto bado analia."

"Atanyamazia njiani!"

"Hapana, mama." Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Hilo ndilo lililomtisha Linah zaidi. "Hawa waliletwa hapa, watu wao wakawasahau. Hakuna mtoto hata mmoja ameitwa kwa jina lao. Sasa wapumzike vipi? Wamelala tu. Zulekha anawaosha, anawachana. Lakini kuosha si kupumzika. Mtoto akija analia, hatoki akilia. Mpe jina moja uende naye. Ni hilo tu."

Linah akashika komeo, akavuta hadi kiganja kikachubuka. Ukuta ulikuwa mrefu, juu umepandwa vipande vya chupa. Akatoa simu. Hakuna mtandao. Giza lilikuwa linatoka kwenye mahindi na kupita juu ya ukuta kama moshi.

Nyuma yake akasikia nyayo. Tasi... tasi... tasi...

Walikuwa wanatoka nje. Walivaa kanzu nyeupe za kulalia, safi, zilizopigwa pasi. Zulekha alikuwa amesimama kwenye ngazi, akimshika kila mmoja mkono ili asiteleze kwenye saruji yenye maji. "Angalia hapo, mama. Vizuri. Mwingine."

Wakamzunguka Linah. Hawakumgusa. Wa kwanza akainamia kitambaa cha mgongoni.

"Naswa..." alinong'ona.

Joy alilia zaidi.

"Nelima..."

Akalia hadi sauti ikakwaruza.

Mama Khakasa naye akaja, visigino vyake laini vikikanyaga matope. "Khakasa..."

Alilia. Kila mmoja akataja jina lake, akangoja kidogo, kisha akasogea pembeni kwa adabu kama watu wa kwenye foleni ya kliniki. Mwishowe akabaki mmoja, wa nyuma kabisa. Alikuwa anaburuta mguu. Mkono mmoja ulining'inia. Kichwani alifungwa leso ya manjano yenye maua mekundu.

Leso ile Linah alimfunga Kukhu kwa mikono yake asubuhi, kabla ya kutoka Kibomet.

"Namarome," ilisema nusu ya mdomo iliyokuwa bado inasogea.

Joy akanyamaza.

Kimya kile... Hata vyura wa bondeni walikuwa wamenyamaza.

"Hapana," Linah alisema. "Hapana. Kukhu yuko nyumbani. Nimemwacha anakunywa chai. Jirani yangu Mulki yuko na yeye."

"Kitanda chake tulikitandika mapema," Zulekha alisema kwa huruma. "Mtoto ameshachagua, mamangu. Litamke wewe mama yake, basi. Utafunguliwa."

Kulitamka ilikuwa ni kumzika Kukhu. Kutolitamka ilikuwa ni kubaki hapa na mtoto, ndani ya ukuta huu, mpaka naye achanwe nywele na kupakwa mafuta kama hawa. Linah akatazama jicho la Kukhu lililo zima. Lilikuwa linamngoja.

Akamshusha mtoto mgongoni, akafungua blauzi. Kisha akamgeuzia Kukhu mgongo.

"Khakasa," akasema sikioni mwa mtoto.

Joy akarusha kichwa, akalia.

"Khakasa! Wewe ni Khakasa. Nyonya, mama. Nyonya Khakasa!" Akamsukumia titi mdomoni. Mtoto akalitema. Akamsukumia tena. Alimshika kisogo, yeye ambaye hakuwahi kumlazimisha hata dawa. "Khakasa. Khakasa. Khakasa."

Mwili wa mtoto ukakakamaa... ukalegea.

Akanyonya.

Mdomo wake ulikuwa wa baridi.

Klak. Geti lilikuwa wazi. Linah alipita bila kugeuka. Pikipiki ilikuwa palepale, injini inanguruma, taa inawaka juu ya mahindi.

"Kumbe umeharakisha hivyo?" mwenye pikipiki alicheka. "Hata sijamaliza muwa."

*

Usiku ule alilala kwa Wilkista mjini Bungoma, akisema mahali palikuwa na giza na hakuona vizuri. Asubuhi alirudi Kibomet karibu akikimbia. Mulki, jirani, alimpokea mlangoni.

"Yuko salama, usijali. Ila jana jioni alinishtua! Alikuwa baridi, hasemi, hageuki. Nikasema huyu ameenda. Nikakimbia kuita watu. Kurudi, anauliza chai iko wapi."

Linah aliingia chumbani. Kukhu alikuwa amelala akiegemea mto. Nywele zake zilikuwa zimechanwa zikalala. Kucha zilikuwa zimekatwa.

"Mulki, asante kwa kumchana."

"Mimi? Sijamgusa nywele."

Linah akainua blanketi taratibu. Visigino vilikuwa laini, vimepakwa mafuta. Katikati ya vidole kulikuwa na matope makavu.

"Uliniona," Kukhu alisema.

"Kukhu..."

"Uliniona, ukaita mwingine."

Linah alitafuta usoni mwake kama ni shukrani au ni lawama. Nusu ya uso ilionekana kama inatabasamu. Nusu nyingine haikuonyesha kitu.

Simu ikalia. Ni Wilkista. "Linah, wale wa nyumba ya wazee wamenipigia. Ati mama mmoja pale amefariki jana jioni, anaitwa Khakasa. Amelala hapo miaka, hafi, haponi, hana hata mtu wa kumzika. Wanasema ameenda ametulia sana. Ati nikwambie asante. Asante ya nini?"

Linah akaifunika miguu ya Kukhu. Basi Khakasa alikuwa hai. Au hakuwa. Zulekha alikuwa amesema anatunzwa.

"Haya, hata hicho kidogo ulichoona, niambie. Wanatunza vizuri?"

"Wanatunza sana," Linah alisema. "Sijaona watu wanaotunza kama wale."

"Basi Jumamosi tumlete?"

"Hapana, Wilkista. Kukhu haendi popote. Nitamgeuza mwenyewe."

Alifanya hivyo siku nzima, akimgeuza huku, akimgeuza kule, mgongo ukimuuma, akishukuru kila alipomsikia akiguna. Jioni ilipoingia akakaa kitandani akingoja Joy aanze kulia.

Hakulia.

Majirani wakawasha majiko. Sauti ya adhana ikapita juu ya mabati. Joy alikuwa amelala chali kwenye leso, macho wazi, mikono imekunjwa kifuani kwa utaratibu. Linah akamwita Joy. Akamwita tena. Kisha, kwa sauti ndogo sana, akamwita lile jina lingine.

Kichwa cha mtoto kikageuka.

Nzi akaingia dirishani. Akazunguka taa, akashuka, akatua juu ya jicho la mtoto.

Linah alingoja jicho lipepese.

Alingoja.

"Mpungie," Kukhu alisema kutoka kitandani kwake, taratibu. "Usimwache hivyo."

Linah akanyoosha mkono, akampungia mtoto nzi, kwa upole, kama alivyoona ikifanywa.