Nilimsomea Mama Asiransi kwa Sauti ya Redio

Nina miaka kumi na saba, niko darasa la kumi na moja katika lise moja, shule ya sekondari, hapa Bujumbura. Shule ikifunguliwa nasoma, risasi zikilia nakaa nyumbani. Mwaka huu nimekaa nyumbani zaidi kuliko nilivyosoma... na nyumbani ndiko aliko mtu ambaye siwezi kumtazama usoni.

Wasomaji wenzangu, mikasa yenu katika ukurasa huu nimeisoma sana, na nakiri, nimeicheka. Yule mama aliyetorokwa na mume siku ya ubatizo wa mtoto, nilimwigiza mbele ya darasa zima, mpaka mwalimu wa hesabu akatoka nje kucheka asionekane. Leo ni zamu yangu. Chekeni mkitaka.

Kipaji changu ni sauti. Naweza kuwa mkurugenzi wa shule, naweza kuwa padri mwenye mafua. Lakini sauti iliyonipa jina ni ya yule bwana wa redio anayesoma matangazo ya vifo saa sita mchana. Mnamjua. Anasoma polepole, kama mtu anayehesabu mayai. "Familia ya marehemu... inasikitika... kuwatangazia..." Wenzangu walikuwa wananilipa maandazi niwatangazie vifo vya walimu walio hai.

Nyumbani sauti hiyo sikuwahi kuitoa. Nilijua kwa nini, na bado siku moja niliitoa.

Baba alikuwa dereva wa lori la muuza vitambaa mmoja wa mtaa wa Asiatique. Siku chache baada ya vita kuanza, alipanda barabara ya milimani na mzigo. Mpaka leo hakuna lori, hakuna baba, hakuna hata kiatu. Kwetu mtu akifa anazikwa, halafu inafika siku ya kuondoa matanga, watu wanakunywa pamoja, mambo yanafungwa. Mama alikataa. Wajomba walipokuja kumshauri aliwajibu neno moja tu. "Nitaondoa matanga ya nani? Munionyeshe mutu kwanza."

Basi kila saa sita mchana, mama anaacha cherehani dukani kwa yule yule muuza vitambaa, anasogeza sikio kwenye redio. Anangoja jina. Sijui kama anataka kulisikia au hataki.

Sasa dada yangu, Spesi. Ana miaka ishirini na mbili, na kichwa chake si kama changu. Alipata nafasi ya chuo, na buruse ya kumlipia masomo ya ufamasia Ubelgiji. Mnaelewa maana yake wakati kama huu? Mtaani kwetu Mutanga Sud, watu walikuja kumgusa mkono kama aliyeponywa. Kutoka! Kulala bila kusikiliza nje! Kilichobaki kilikuwa viza tu.

Ubalozi ulimpa orodha, na ndani yake asiransi, yaani bima, ya ugonjwa. Spesi alizunguka ofisi za asiransi za mtaa wa Rohero wiki nzima, akarudi na karatasi tatu, akazipanga mezani kama mtu wa karata. Ya kwanza ililipa daktari lakini haikulipa kulazwa hospitali. Ya pili ilianza kufanya kazi miezi mitatu baada ya mtu kufika, kana kwamba malaria inaomba ruhusa. Ya tatu ilikuwa na yote ambayo ubalozi ulitaka. Hospitali, mwaka mzima tangu siku ya kufika, na kumrudisha mtu kwao akizidiwa au akifa.

Kwa hilo la mwisho fomu ilikuwa na mstari wa peke yake. Jina na saini ya mtu wa familia atakayepokea mwili.

Mtu huyo angekuwa nani zaidi ya mama? Na mama Kifaransa hasomi. Barua zote za nyumba yetu namsomea mimi.

Spesi aliniita uani. "Fide, hii umusomee mama. Mi nikimusomea, atalia, na mi nitalia, hatutamaliza. We unajua kumuchekesha."

"Niachie mimi."

"Lakini usicheze nayo. Umesikia? Muchekeshe kabla, muchekeshe kisha. Hapo katikati, usicheze."

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Spesi alikuwa amekwenda kwa rafiki yake kuazima sanduku na kulala huko. Mama alikuwa amepika maharage na ndagala wa ziwani, moyo wake ulikuwa mwepesi, akaniambia, "Haya, mubunge wangu, soma." Nikasoma mambo ya hospitali vizuri kabisa. Mama akatikisa kichwa, akasema wazungu wana akili. Kisha nikafika kwenye ule mstari... na mdomo wangu ukaogopa. Mimi nikiogopa nachekesha. Ndivyo nilivyo. Ile sauti ikatoka yenyewe, polepole, mayai moja moja.

"Familia ya mwanafunzi Spesi... inatangaziwa... kuwa mzigo wao umefika uwanja wa ndege. Mama mtu... asaini hapa... apokee sanduku."

Mama aliweka kijiko chini. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mutoto wangu haendi kufa," alisema. "Hiyo karatasi itoe ndani ya nyumba yangu."

"Mama, nilikuwa natania, ni sharti tu la..."

"Apana. Mi sisaini kifo cha mutu. Kama wazungu wanataka asiransi, tafuta ile isiyo na kufa."

Wasomaji, hapo ndipo njia ilipokuwa bado wazi. Ningemngoja Spesi, ningemwambia, "Dada, nimeharibu." Angenipiga kofi, angekaa na mama, wangelia wote wawili, karatasi ingesainiwa. Machozi ya siku moja. Kwa nini sikufanya hivyo? Kwa sababu maisha yangu yote watu wamenipenda nikiwachekesha, na sikujua wangenifanya nini siku nikiwaliza.

Jumatatu nilitoroka shule, nikaenda Rohero, ofisi ile ile aliyoichagua Spesi. Mama mmoja mwenye miwani alikuwa nyuma ya meza. Nikamwuliza kama wana asiransi isiyo na habari za kufa.

"Ipo ya wasafiri wa kawaida," alisema. "Hospitali imo, kurudishwa haimo. Lakini niambie, kijana, ni kwa ajili ya viza ya masomo?"

Angalieni, Mungu aliniwekea mlango wa pili, na mwenye miwani amesimama pale ameushika wazi. Mimi nikasema, "Hapana, mama. Ni dada yangu anakwenda kutembea tu."

Akapiga muhuri.

Mama alisaini huku akitabasamu. Nikaibana karatasi ndani ya faili la Spesi, na ile halisi, yenye mstari wa kupokea mwili, nikaificha katika kitabu changu cha hesabu, mahali ambapo hata mimi huwa sifungui. Spesi aliporudi jioni ile kutoka kwa rafiki yake nilimwambia mambo yamekwisha, mama amesaini, hata hakulia. Alifungua faili, akaona muhuri wa ofisi ile ile, akaona saini ya mama, akafunga. Asome nini tena? Alikuwa amekwishaisoma mara kumi. Akanishika kichwa, akanibusu juu ya nywele. "Kumbe we ni mutu," akaniambia.

Busu hilo bado linawasha mpaka leo.

Jumanne ya wiki iliyofuata alikwenda ubalozini na nguo yake ya kijani. Alirudi jioni, faili amelibana kifuani. Hakuwa analia. Bwana wa dirishani alikuwa amepitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari, akamwuliza, "Dada, kurudishwa kuko wapi?" Spesi akajibu kwamba kupo, bwana akamgeuzia karatasi ajisomee. Hakukuwepo. Akapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana kuleta asiransi inayotakiwa. Baada ya hapo faili lisingewahi, na chuo kingefunga majina.

"Fide, ulifanya nini?"

Nilijaribu. Nisameheni, ni kweli nilijaribu. Nilianza kusema kwa sauti ya padri mwenye mafua... Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikusikia kichekesho. Basi nikasema kila kitu, mama akiwa amesimama mlangoni na uzi wa kushonea bado shingoni.

Mama aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Kwa hiyo ile karatasi, kazi yake ni kurudisha mutu nyumbani?"

"Ndiyo, mama."

"Popote alipo? Hata kama amekufa, wanamutafuta, wanamuleta kwa mama yake?"

"Ndiyo."

"Na we uliniambia ni muzigo."

Akavuta kiti, akaketi mezani.

"Ningepata karatasi kama hiyo ya baba yako," alisema, "ningeisaini kwa meno. Ilete."

Nikaitoa katika kitabu cha hesabu. Mama alifuta meza kwanza kwa kiganja. Aliandika jina lake juu ya ule mstari polepole, herufi kwa herufi, akaupuliza wino kama anapuliza uji wa mtoto. Ofisi ilikuwa imefunga kwa siku ile, na amri ya kutotoka nje ilikuwa inakaribia. Tukasema kesho. Kesho asubuhi, muhuri, kisha ubalozini. Siku tatu zilikuwa nyingi.

Jumatano asubuhi mji ulikuwa umekufa. Ninyi wa hapa mnaijua ville morte. Wengine niwaambie tu. Usiku vijana wanafunga barabara kwa mawe na magogo, na anayetoka kwenda kazini anarudishwa, au harudi. Maduka kimya, ofisi kimya. Tulikaa ndani, tunasikiliza milio kutoka upande wa mabonde. Spesi alikuwa amevaa ile nguo ya kijani tangu alfajiri, na viatu.

Alhamisi alivaa tena. Nikashindwa kuvumilia. Nikaiweka karatasi ndani ya shati, nikaruka ukuta. Nilifika mpaka njia panda. Juu ya mawe alikuwa amekaa kijana ninayemjua, tuliwahi kusoma pamoja, na zamani alikuwa anacheka sauti zangu mpaka anashika mbavu. Sasa alikuwa na grunedi, bomu la kutupa, mkononi, anaichezea kama embe.

"Kaka," nikamwambia, "niache nipite, nina mchumba Rohero, mbaya sana, akikosa kuniona atapata mwingine mzuri zaidi yangu."

Hakucheka. "Fide, rudi. Leo sitaki kukujua."

Nikarudi. Kumbe hata huko nje, kipaji changu hakifungui mlango.

Ijumaa barabara bado zimefungwa, tulikaa watatu kuzunguka meza, karatasi katikati, imesainiwa vizuri, haina muhuri. Spesi na nguo yake ya kijani. Hakuna aliyetazama saa, kwa sababu redio ilikuwa imewashwa. Mara yule bwana akaanza. Polepole. "Familia ya marehemu..." Mama akasogeza sikio, kama kila siku. Spesi akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ndivyo nilivyojua kwamba ni saa sita, na muda wa ubalozi umekwisha.

Nafasi yake alipewa mtu mwingine. Sasa Spesi anashona mapazia na mama kule Asiatique. Hanitukani. Wakati mwingine ananiomba chumvi mezani, na sauti yake ni ya kawaida kabisa... na ningelipa chochote anitukane. Risasi zikilia usiku tunalala chini sote watatu, na mimi nasikia pumzi yake, najua kwamba pumzi hiyo ilipaswa kuwa mbali.

Karatasi mama ameiweka ndani ya Biblia. Juzi aliitoa, akaniita. "Nisomee tena ule musitari. Kwa sauti yako." Nikasoma. Nilikuwa sijui kwamba sauti yangu ni nyembamba hivyo. Akasema, rudia. Nikarudia. Halafu akasema kwamba baba hakuwa na karatasi kama hiyo, hakuna atakayemleta, basi nimwite mjomba, azungumze naye habari za kuondoa matanga yake.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi wachekeshaji wa darasa. Kama kwenu kuna mtu anayetafuta njia ya kutoka, na karatasi za ubalozi zikapita mkononi mwako, angalia kila sharti mpaka la mwisho, na ofisini ukiulizwa ni ya nini, sema ni ya nini. Ukivunja kitu, kiseme siku ile ile, kikiwa bado vipande viwili. Na ukipewa kumsomea mama yako jambo zito, weka chini sauti zote za watu wengine. Msomee kwa yako, hata kama inatetemeka.