Sauti ya Dawati la Nyuma

Watoto wa Darasa la Pili walisimama wote kwa pamoja, wakapaza salamu yao: "Shikamoo mwalimu!" Walipokwisha kunyamaza, sauti moja ikamalizia peke yake huko nyuma, taratibu, kama mtu anayelionja neno: "...mwalimu."

Faidha akatabasamu. Alidhani ni mtoto mtundu. Yeye alikuwa mwanachuo, mzaliwa wa Lisekese kule Masasi, aliyepelekwa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, kwa mafunzo kwa vitendo, na ndiyo kwanza anasimama mbele ya darasa bila mkufunzi pembeni. Aliishika chaki kwa nguvu hata ikamkatikia vidoleni.

"Marahaba. Kaeni."

Wakakaa, na hapo akaona jambo. Watoto walibanana wanne wanne kwenye dawati, wengine nusu wananing'inia, na kule nyuma pembeni dawati zima lilikuwa tupu. Vumbi la chaki lilitanda kila mahali, ila juu ya dawati lile hapakuwa na hata chembe.

"Nyie wa hapa, wawili wahamie kule."

Hakuna aliyeinuka. Wote walitazama chini. Msichana mmoja mwembamba wa dawati la mbele alimkamata mwenzake mkono.

"Usiogope," Faidha akamwambia. "Unaitwa nani?"

Mtoto akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mwenzake, Shamsia, akanong'ona, "Anaitwa Pili, mwalimu. Hasemi siku hizi."

"Naitwa Pili," ikasema sauti ya mtoto wa kike kutoka kwenye dawati tupu.

Harufu ya moshi wa maganda ya korosho ikajaa chumbani, kali, ya kuwasha macho, ilhali msimu ulikuwa umekwisha zamani na hapakuwa na moto popote. Faidha alisikia nywele zikimsimama. Alitaka kukimbia. Lakini watoto hawakukimbia. Walikaa tu, wamezoea, na kule kuzoea kwao ndiko kulikomtia hasira kuliko hofu.

Saa ya mapumziko alimfuata mwalimu mkuu, Mwalimu Lameck. Mzee yule aliufunga mlango wa ofisi kwanza, ndipo akasema kwa sauti ya chini.

"Dawati lile usilisogelee, binti yangu. Zamani watoto walikuwa wanaanguka mle ndani, wanapiga mayowe, wazazi wanavunja milango. Tukaleta mganga. Akasema ni jini, linapenda kusoma, lipewe nafasi yake lisisumbuliwe. Tukaliachia dawati lile. Hakuna aliyeanguka tena."

"Na Pili?"

Lameck akajishughulisha na vifungo vya shati lake. "Kila mwaka linachukua sauti ya mmoja. Mmoja tu."

"Huyo mmoja si mtoto wa mtu, mwalimu?"

"Wewe ni mgeni. Mafunzo yakiisha utarudi kwenu. Sisi ndio tutakaobaki nalo."

Faidha akatoka. Masomo yalipokwisha alikwenda nyumbani kwa Pili, akamkuta bibi yake, Bibi Mwanaheri, anageuza makopa ya muhogo juani. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi akamwekea kigoda, mwenyewe akabaki amesimama.

"Mwanangu, nikipita pale shule jioni namsikia mjukuu wangu anaimba darasani," alisema. "Naimba naye, maana wimbo ule nilimfundisha mwenyewe. Kisha nageuka, namwona Pili huyu hapa, nimemshika mkono, mdomo umefumba. Nimelalamika. Wameniambia ninyamaze, nitawaletea balaa watoto wa wenzangu."

Pili alikuwa kizingitini akisikiliza. Machozi yalimtoka bila kwikwi.

"Bibi," Faidha akasema, "kesho mlete mapema. Mimi simfundishi jini."

Asubuhi ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Ruvuma, umelimeza jengo zima, na darasani palikuwa na giza kama magharibi. Faidha aliingia akaenda moja kwa moja hadi nyuma. Akalishika dawati tupu kwa mikono miwili. Lilikuwa la baridi kama maji ya kisimani, nalo halikusogea hata kidogo. Akainua kichwa awaambie watoto watoke nje.

Mdomo ukafunguka, sauti isitoke.

"Fungueni vitabu vyenu," ikasema sauti yake mwenyewe, sauti ya Faidha wa Lisekese, pale pale alipoinamia, karibu na sikio lake kiasi cha kuhisi pumzi ya moshi; na ile sauti ikaanza kuwaita watoto mmoja mmoja kwa majina, kwa upole kuliko alivyowahi kuwaita yeye, ikiwataka waje nyuma, waje wakae, nafasi ipo, na watoto wakaanza kusimama kwa sababu ni mwalimu anayewaita na mtoto huitikia mwalimu, Shamsia akiwa wa kwanza, miguu ikimburuta huku macho yake yakimwomba Faidha amzuie.

Faidha alimpokea Shamsia kwa mkono mmoja, akamkumbatia kiunoni, akarudi naye ubaoni kinyumenyume. Hana sauti? Haya. Akaokota chaki, akaandika kwa herufi kubwa kama nyumba: TOKA. SAUTI NI YETU.

Akachukua rula, akagonga chini ya silabi ya kwanza, kama alivyowasomesha jana.

Watoto wakautazama ubao. Akagonga tena, kwa nguvu, ubao ukalia.

"To," akasema Shamsia, akitetemeka.

"Ka," wakasema wengine wawili.

"Nyamazeni!" sauti ya Faidha ikafoka kutoka nyuma. Madirisha yakagongana. Yeye akagonga rula hata ukingo wake ukamkata kiganja. "To-ka!" Darasa zima sasa. "Sa-u-ti ni ye-tu!" Akawarudisha mwanzo, wakarudi, akawarudisha tena, wakasoma kwa kupiga kelele, wakikanyaga sakafu kwa kila silabi, wale wasiojua kusoma wakifuata wanaojua.

Pili naye alikuwa anachezesha midomo. Sauti yake ilisikika kule kule nyuma, ikisoma pamoja na wenzake, kana kwamba haikuweza kujizuia. "To-ka." Kisha ikasikika katikati ya darasa. Kisha dawati la pili. Kisha Pili akashika koo kwa mikono yote miwili, akakohoa moshi mweusi, akapiga ukelele uliowafikia watu mashambani:

"TOKA!"

Dawati la nyuma likapasuka katikati. Kitu kikapita mlangoni kikiupasua ukungu, na Bibi Mwanaheri, aliyekuwa nje, akaketi chini kwa mshtuko.

"Mwalimu," Pili akasema, "mkono wako unatoka damu."

"Nimeuona," Faidha akajibu, na kusikia sauti yake ikitoka kifuani mwake kulimfanya acheke na kulia. Walilitoa dawati wote pamoja, vipande vikagombaniwa, wakavichoma uwanjani.

Mchana bibi alikuja kulalamika mbele ya walimu kuwa mjukuu wake amemchosha kwa maneno, huku akifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwalimu Lameck aliinamisha kichwa. Hapo ndipo mwalimu wa Darasa la Nne alipotokea mlangoni, uso umempauka.

"Nimewasalimu watoto," akasema kwa kunong'ona. "Ameitikia mmoja ambaye simwoni."

Lameck akamtazama Faidha. Faidha alikwisha simama, rula mkononi.

"Darasa la Nne wanasoma vizuri zaidi," alisema. "Twende."