Namba Kwenye Kona ya Picha

Siku waliyokutana walianza kwa kutukanana. Duka la barafu la sokoni lilikuwa limefurika watu, sakafu imelowa chapachapa, na muuzaji alibakiwa na gunia moja tu. Daktari aliliwekea mkono. Papo hapo mwanamume mmoja mwenye shati la bluu lililonyooka kwa pasi naye akaliwekea mkono.

"Dada, mimi nimefika kabla yako."

"Umefika kabla yangu ukasimama nyuma yangu? Hongera."

"Nilikwenda mara moja kwenye gari. Dada yangu anaolewa leo, wageni wanakunywa soda za moto."

"Na mimi nina minyoo."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Daktari, ambaye udaktari wake ni wa viumbe wa bahari na hajawahi kumchoma mtu sindano maishani mwake, alisikia masikio yakimwaka.

"Minyoo wa kilindini!" akafoka. "Friji ya maabara imekufa. Wakioza hawa, kazi yangu ya mwaka mzima imekwenda na maji."

"Pole sana, Mama Minyoo," yule bwana akasema, akaangua kicheko. Alikuwa na kicheko kizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Wakalipasua gunia wakagawana, kila mtu akaondoka amenuna. Wiki iliyofuata Daktari alipanda meli ya utafiti, akaingia chumba cha skrini, akamkuta yule bwana wa barafu amejiegemeza kwenye kiti cha kuongozea roboti, ile mashine yenye taa na kamera inayoshushwa hadi chini kabisa, kwenye giza.

"Toka kwenye hicho kiti."

"Ndicho nilichoajiriwa kukalia, Mama Minyoo. Mimi ndiye rubani mpya."

Mabaharia waliwekeana dau nani atamtupa mwenzake baharini. Wote waliliwa pesa zao, maana kabla mvua hazijaisha wawili wale walikuwa wanapendana waziwazi, bila haya, na bado wanagombana.

"Umekula, mpenzi?" Rubani alikuwa akimpigia simu mchana.

"Sijala, na usianze."

"Kula, roho yangu. Ukiwa na njaa unauma."

"Hata nikiwa nimeshiba nitakuuma. Kata simu."

Hakuna aliyekata.

Asubuhi moja taa za roboti ziliangukia mteremko uliofunikwa na matumbawe, meupe na ya machungwa, mengine yamesimama kimo cha mtu, na samaki wenye macho makubwa wamejipumzisha katikati ya matawi. Daktari alimshika Rubani bega bila kujijua. Huko chini jua halifiki, na tumbawe hukua polepole mno. Yaliyokuwa mbele yao yalikuwepo kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

"Hakuna binadamu aliyewahi kuyaona haya," alinong'ona.

"Wewe umeyaona," Rubani akasema, akimtazama yeye badala ya skrini.

Sheria ya kituo chao ilikuwa moja: mahali pa matumbawe hapatajwi mpaka serikali ipafunge kwa wavuvi. Samaki hujazana hapo, na nahodha wa meli ya nyavu za kukokota akipajua, asubuhi moja inamtosha kuparua kila kitu.

Waliporudi kupima, roboti ilishuka ikakuta tope. Vyuma vya wavu vilikuwa vimechimba mifereji mirefu kama shamba lililolimwa kwa trekta, na vipande vya matumbawe vimetapakaa. Nusu ya mteremko ilikuwa imekwenda.  Daktari akamgeukia Rubani taratibu.

"Umewauzia kwa bei gani?"

"Nini?"

"Nani anapajua hapa? Mimi, wewe na nahodha wetu. Nahodha hata kutuma picha hajui. Na huyo aliyemuoa dada yako, si ndiye mkuu wa meli za nyavu?"

"Unaniita mwizi mbele za watu?"

"Mwizi huiba kitu kinachoweza kurudishwa!"

Rubani alisimama. "Siku utakapoujua ukweli, usinitafute."

"Sikutafuti hata ukizama."

Ikawa hivyo. Wakipishana kwenye korido, kila mmoja alitazama ukuta wake. Rubani alipopiga simu, Daktari alipokea ili tu amkatie.

Kisha moto ukamgeukia Daktari mwenyewe. Kampuni ya nyavu ilidai imefika pale kwa bahati tu. Mkurugenzi wa kituo naye akataka kujua siri imevujia wapi, na mkuu wa utafiti alikuwa Daktari. Akaitwa kikaoni. Akionekana ameuza siri, angefukuzwa, na ombi la kuifunga nusu iliyobaki lingetupwa pamoja naye.

Siku moja kabla ya kikao, shangazi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimkuta sebuleni amejiinamia.

"Na yule kijana alivyokuwa anakupenda," shangazi akaguna. "Mimi ile video yake niliihifadhi. Mashoga zangu wote wameiona."

"Video gani, shangazi?"

"Si ile aliyoweka stetasi, wewe usiyezitazama! Tazama anavyokusifu."

Yalikuwa ni matumbawe, yanang'aa kwenye kioo cha simu, na chini yake maneno: *Mpenzi wangu ameona ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Najivunia mwanamke huyu.* Na kwenye kona ya chini zilikuwepo namba ambazo roboti huandika yenyewe kwenye kila picha: kina cha maji, na mahali penyewe hasa. Rubani hushinda na namba hizo machoni siku nzima mpaka hazioni tena.

"Nilidhani ni tarehe," shangazi akasema.

Daktari hakupata nafuu yoyote. Msaliti angeweza kumchukia akamaliza, lakini huyu aliyeharibu kila kitu kwa kumpenda angemfanya nini? Akapiga simu.

"Fungua video uliyoweka stetasi. Tazama kona ya chini."

Rubani akaifungua. 

"Ee Mungu wangu."

"Shemeji yako aliiona?"

"Alinitumia zile alama za makofi," Rubani akasema kwa sauti iliyokauka. "Nikadhani anatupongeza."

"Mjinga mkubwa wewe!" Daktari akalia kwa hasira, akakata.

Asubuhi aliingia kikaoni amevaa gauni jeusi, simu ya shangazi mkobani. Alikuwa amekusudia kumtaja Rubani. Shemeji yake Rubani, aliyekuja kwa niaba ya kampuni ya nyavu, alikaa upande wa pili, suti ya kijivu, mguu kaupandisha juu ya mwenzake. Mkurugenzi alipouliza siri ilitokea wapi, Daktari akafungua mkoba.

"Imetoka kwangu," Rubani akasema kutoka nyuma.

"Kaa chini, nilikuwa nafika huko!" Daktari akamkemea.

Hakukaa. Akaja mbele, akaionyesha video, akaonyesha namba, akaonyesha na yale makofi ya shemeji yake yaliyoingia siku ileile. Suti ya kijivu ikashusha mguu. Hadithi ya bahati ikafia hapo. Nusu iliyobaki ya mteremko ikafungwa, marufuku kwa nyavu zote, na Rubani akanyang'anywa leseni yake. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua.

Daktari alimkuta uani, amekaa kwenye ngazi za saruji.

"Nilikuwa nakwenda kukutaja," alisema.

"Najua. Ulikuwa na haki."

"Sikusamehei."

"Sijakuomba."

"Kila nikikutazama nitaliona lile tope."

"Basi nitakaa mbali nawe."

"Nani amekwambia ukae mbali?" Sauti ilimpanda, walinzi wakageuka. "Nimekuchukia wiki zote hizi mpaka nimekonda! Nimejaribu kumchukia mkurugenzi, nimejaribu shemeji yako, hawaniingii. Ukiondoka, mimi nitagombana na nani?"

"Unaniambia nini, Daktari?"

"Nakwambia unioe. Na usitabasamu, sijakusamehe."

Hakutabasamu. Machozi yalimtoka, mtu mzima na shati lake la pasi, na Daktari akamfuta kwa ncha ya mtandio, kwa nguvu, kama anasugua doa.

"Matumbawe yale hayataota tena tukiwa hai," Rubani akasema.

"Hayataota."

Wakaondoka pamoja. Bustani ile ya matumbawe iliyokufa ilikuwa katikati yao, na ingekuwa hapo kila siku ya ndoa yao, hakuna aliyejidanganya. Daktari alikuwa bado ana hasira, na alikuwa amemshika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikamuuma.